Kifuu cha Wenyewe

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikakaa kidogo, kama vile marahaba yako ingetoka uani. Ni mazoea tu. Hata Mama juzi alikuita umletee ungo, kisha akaenda kuuchukua mwenyewe.

Nakuandikia katika kurasa za nyuma za daftari la sayansi, kwa kuwa la insha limekwisha. Najua utasema hata huko uliko nakufuata na makaratasi. Lakini kuna jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kaburini. Kila nikienda hapakosi mtu: ama Mama anang'oa majani, ama mzee wa kanisa anapita akiniuliza mtihani ni lini. Nawe unanijua, mbele ya watu maneno hunikaukia. Nimechoka, Bibi, na si kwa kazi. Nimechoka kama mtu mwenye debe la maji kichwani ambaye amefika nyumbani akakuta hakuna wa kumtua.

Kwanza habari za hapa. Yule mbuzi mwekundu alizaa mapacha, mmoja akafa. Paa la jiko linavuja pale pale ulipokuwa ukisema linavuja na Baba akibisha. Baba alirudi Mombasa siku ya nne baada ya kukuzika, kwa sababu kazi ya bandarini haingoji matanga. Ameleta barua moja tu tangu hapo. Kigoda chako hakuna anayekikalia, ingawa hakuna aliyekataza. Korona, ile mashine ya shambani, bado inasaga mkonge kutwa nzima, na upepo ukigeukia kwetu ile harufu ya maji ya mkonge inaingia mpaka ndani ya chungu cha mboga.

Nilikuwa mdogo sana nilipokuuliza kwa nini huwashi mtambo wako wa pombe mpaka korona ianze kunguruma. Ukasema, "Mwalimu, askari naye ana pua." Ndivyo ulivyoniita tangu nilipoanza kusoma, kwa mzaha kwanza, halafu ikawa jina. Wengine hapa Pongwe walipika pombe yao ya moshi kwa kujificha, wakakamatwa. Wewe ulipika wako mchana kweupe, jua la saa nne, wakati mkonge unanuka kuliko kitu kingine chochote, na mtu akipita njiani anaona mwanamke mzee anachochea moto kama wanawake wote. Wateja wakija hawakutaja moshi. Waliuliza, "Bibi, uji upo?" Nawe ukiwajibu kuwa uji bado mbichi, walijua warudi kesho.

Nauona mtambo wote nikifumba macho. Pipa la maji ya mabibo yaliyokwisha kuchachuka. Debe juu ya mafiga, kifuniko kimezibwa kwa udongo wa kichuguu. Bomba linalotoka kwenye debe, limefungwa katani kwenye maungio, linapita katika hori la maji na kutokea upande wa pili, tone kwa tone. Kazi yangu ilikuwa maji. Nilipaswa kuyabadili kabla hayajapata moto, kwa sababu yakipata moto mvuke unapotea bure. Nami nilikaa na kitabu mapajani nikisahau. "Maji yamechemka, Mwalimu. Kitabu kinasemaje juu ya hilo?"

Wewe ulikaa kwenye mdomo wa bomba na kifuu cha nazi mkononi. Matone ya kwanza hukuyaacha yaingie kwenye chupa hata siku moja. Uliyakinga kwa kile kifuu mpaka kikajaa, ukainuka kwa kushika magoti, ukaenda nyuma ya jiko karibu na ua, ukamwaga chini, na kila mara ukasema maneno yale yale: "Hiki cha wenyewe. Wenyewe hawana macho." Kisha ukarudi kutega chupa. Nyuma ya jiko pale pana upara wa ardhi. Hapaoti hata ndago.

Msimu uliopita nilikuwa nimeanza mafundisho ya kipaimara. Mchungaji alituambia kila mmoja aitazame nyumba yake, aone kama kuna kitu kilichobaki cha ibada za zamani. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kukiona. Nilikusubiri umwage, nikasema, na nadhani nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, "Bibi, hiyo ni sadaka kwa mizimu."

Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. Ukapiga kigoda chako kwa kiganja, ukasema, "Kaa hapa nikwambie." Nami nikajibu kwamba sitaki kusikia habari za mizimu. Ukanitazama kidogo. "Basi," ukasema. "Ukikua utauliza."

Masika yakaja, homa ikakulaza siku tano. Siku zote tano nilikaa kando ya kitanda chako. Nilitaka kukusomea Zaburi, wewe ukataka nikusomee gazeti, habari za mvua za huko Lushoto kwenu. Nilikuwa na siku tano za kuuliza, Bibi. Nilikusomea habari za mvua.

Mabibo yalipoanza kuanguka mwaka huu, Mama hakutaka kuuwasha mtambo. Aliupita kila siku kama mtu anayempita mgonjwa. Lakini mtambo ule ndio ulioniweka shuleni, na darasa la nane halikuwa limekwisha. Siku moja nikarudi nikamkuta ameketi chini anakamua mabibo, mikono imemjaa maji yake. Nikavua sare nikakaa upande wa pili wa beseni.

Siku ya kupika alikuwa na wasiwasi. Alikuwa akisaidia kuchochea moto tu ulipokuwa hai, mdomo wa bomba haukuwa mahali pake. Kifuu kilipojaa akanipa. "Kakimwage cha wenyewe, kama Bibi," akasema. Sababu hakuijua. Alikuja hapa kama mkwe, akakuta mambo yanafanyika hivyo, akayafanya.

Nikasimama penye ule upara na kifuu mkononi. Wiki ile tulikuwa tumejifunza habari za malimbuko. Cha kwanza cha shamba, kilicho bora kuliko vyote, hicho ndicho cha Mungu. Nikajiambia: miaka yote hii Bibi amewapa mizimu malimbuko, na watu walio hai wakapewa yaliyobaki. Nilifurahi, Bibi. Nilifurahi kwa kuona kitu ambacho nyumba nzima haikukiona. Nikakimimina kile kifuu katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyokuwa tupu, nikaificha nyuma ya mtungi, nikarudi kwa Mama nikamwambia nimemwaga.

Nilidanganya kwa ajili ya Mungu. Nimeiandika sentensi hiyo mahali pake peke yake ili niione vizuri.

Mzee Chipande unamkumbuka kuliko ninavyoweza kumweleza. Wewe ndiye uliyesema mtu huyu amekata mkonge mpaka mkonge wenyewe unamwamkia. Alikuja kutoka Newala akiwa manamba, kwa mkataba mmoja, akaongeza mwingine, na mwingine. Barua za mkewe mimi ndiye ninayemsomea na ninayemjibia, na ndiyo maana ananiita Karani. Kila akipata kipande cha gazeti kilichofungiwa kitu huko ofisini kwao, alinikunjia akaniletea. "Karani, chakula chako hiki."

Jumamosi ile Mama alikuwa amekwenda Nguvumali kumwona dada yake mgonjwa. Aliniachia amri kwamba chupa zisiguswe mpaka arudi. Mzee Chipande akaja na gazeti zima, halijachanika hata ukurasa mmoja. Akaketi benchini, akauliza uji. Nikamwambia Mama hayupo. Akasema haidhuru, akakaa tu anapumzisha miguu, akasema, "Bibi yako angekuwepo angekwisha kunitukana mara mbili." Nikasikia uchungu kwa ajili yako na kwa ajili yake. Gazeti zima, Bibi. Nikaenda nyuma ya mtungi.

"Hii ndiyo ya kwanza kabisa, Mzee," nikamwambia. "Ni malimbuko." Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili hakuonekana. Jumatatu kwenye roli-koo, alfajiri majina yakiitwa, hakuweza kuuona mstari wa wenzake. Alikuwa ametapika usiku wa Jumamosi kucha na Jumapili kutwa, na macho yakaingia ukungu, anatazama watu kama anawatazama kwa nyuma ya chandarua. Nyapara akasema mzee anakwepa kazi. Wakampeleka zahanati ya shamba, wakamuuliza amekula nini, amekunywa nini. Akasema utomvu wa mkonge ulimrukia machoni. Hakutaja nyumba yetu. Angeitaja, askari wangelala hapa siku hiyo hiyo.

Lakini wateja hawadanganyiki kwa utomvu. Walijua mkata mkonge wa miaka mingi vile hawezi kurukiwa macho yote mawili. Maneno yakaanza: moshi wa Bibi umekufa na Bibi, mkwe wake anatia kitu. Mama aliyasikia kisimani, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akizungumza na mwingine huku amempa mgongo. Aliporudi akalisugua debe kwa mchanga mara tatu. Akalichokoa bomba kwa waya. Akabadili udongo, akabadili katani. Kisha akaanza kuitazama mikono yake. "Mkono wangu mbaya, Damari," akaniambia siku moja, kwa utulivu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Tangu siku hiyo akaacha hata kupakua chakula. Nilipakua mimi.

Nami nilinyamaza. Nataka ujue kila kitu, kwa hiyo nakwambia na hili: niliogopa mizimu. Mimi niliyekusuta kwa kumwaga, niliyekuwa nimehifadhi maswali yote ya katekisimu, nilianza kuzunguka mbali ili nisipite nyuma ya jiko. Nilidhani nimewanyang'anya kifuu chao nao wamechukua macho ya Mzee Chipande. Nilikwenda kwenye mafundisho ya kipaimara nikajibu maswali vizuri, na nikirudi nilizunguka.

Kisha likaja somo la mvuke. Mwalimu wa sayansi aliweka birika juu ya stovu, akashika kipande cha kioo baridi mbele ya mdomo wa birika, matone yakaanza kushuka. Darasa zima likashangaa isipokuwa mimi. Nikanyoosha mkono. Wenzangu waligeuka, maana muhula huu nilikuwa sijaunyoosha. "Mwalimu, vitu viwili vikichemshwa katika chungu kimoja, hutoka pamoja?"

"La," akasema. "Kilicho chepesi hutangulia." Kisha akaongeza kwamba kinachotangulia si lazima kiwe kizuri. Akasema watu wanaopika pombe kali wanajua, au wanapaswa kujua, kwamba cha kwanza kutoka kina sumu, na sumu hiyo hupenda macho.

Hapo nikakusikia, Bibi, wazi kama umeketi dawati la nyuma. Wenyewe hawana macho. Miaka yote nilidhani unasema habari za mizimu, kumbe ulikuwa ukisema habari za kifuu. Wapewe wasio na macho, kwa kuwa hao hakiwezi kuwapofusha. Na nimeelewa pia kwa nini hukusema neno sumu. Nani angeketi kwenye benchi la nyumba inayolitamka neno hilo? Ukalifunika kwa wenyewe, likapita mbele ya wateja wote bila kumshtua mtu, na mjukuu wako msomi naye akapitwa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu bila kusoma njiani. Mama alikuwa akimenya mihogo. Nikamwambia yote, tangu kifuu mpaka chupa ya dawa ya kikohozi, nikiwa nimesimama, mkoba begani. Aliweka kisu chini. "Kumbe si mkono wangu," akasema. Baadaye akasema, "Ulidanganya kwa ajili ya dini. Afadhali ungemwaga ukabaki mpagani." Akajiegemeza ukutani pale pale alipokuwa, akalala, mpaka mbuzi wakarudi. Nilimaliza mihogo mimi. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Lakini Mama kujua hakukutosha, maana wateja hawakujua. Jumamosi walikuja wanne, zaidi kwa kutazama kuliko kunywa. Mzee Chipande alikuwa mwisho wa benchi, fimbo katikati ya magoti. Yule dereva wa trekta mwenye maneno mengi, uliyekuwa ukimwita Redio, akanyanyua glasi yake akaitazama kwenye jua. "Mama Damari," akasema, "leo tutarudi nyumbani na macho mangapi?" Wakacheka. Mama akaendelea kufuta chupa iliyokwisha kufutwa.

Nilikuwa mlangoni. Sijui nilifikaje mbele yao. Nikasema. Redio akaweka kiganja sikioni, "Sema kwa sauti, hatusikii." Nikasema tena kwamba moshi wa Mama hauna kasoro, kwamba cha kwanza hakinywewi, Bibi alikuwa akikimwaga kwa sababu kina sumu, na mimi ndiye niliyekificha nikampa Mzee Chipande kwa mkono wangu, na Mama hakuwepo. Nadhani nilisema na "kwa hiyo" mara nyingi mno, kama katika insha. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa akicheka. Redio aliiweka glasi chini polepole.

Aliyesema kwanza ni Mzee Chipande. "Mimi nilijua tangu Jumapili ile. Mama yake hajawahi kunipa cha bure."

Bibi, walicheka tena, hata Mama, amefunika mdomo kwa khanga. Alijua. Alijua alipokuwa zahanati akisema ni utomvu, na alijua nilipokuwa nikimkwepa. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa barua ambayo haijafunguliwa. Aliipata kitambo, wapo watu watatu kambini wanaojua kusoma, na hakumpa hata mmoja. "Haya, Karani. Soma."

Nikamsomea. Mkewe anauliza atarudi lini, na kama huku bado kuna mvua. Nilipomaliza akaiomba karatasi, akaisogeza karibu na jicho la kulia. Akasema anauona weupe wake, na mistari, kama sisimizi waliosimama. Hilo la kulia linarudi pole pole. La kushoto linaona mwanga tu, na zahanati hawasemi zaidi ya hapo. Hakati mkonge tena, wamempeleka kuanika katani pamoja na wanawake, nao wanamwita Bi Chipande. Nilimwomba radhi, nikiwa nimepiga magoti. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Ijayo usome polepole zaidi, nisikie vizuri." Nimeifikiria sentensi hiyo kila siku tangu hapo. Sijui kama ni msamaha au ni kazi aliyonipa. Naifanya kama kazi.

Mkataba wake unakwisha kabla ya masika. Mpaka siku hiyo nitamsomea na kumwandikia, na akifika kwao nitaandika barua kwa herufi kubwa, ili kama jicho la kulia litakuwa limepata nguvu asihitaji karani. Na kifuu cha kwanza hakitapita mkononi mwa mtu wa nyumba hii bila kuambiwa wazi kwamba ni sumu. Nimekwisha kumwambia Mama. Nikiwa na watoto nitawaambia kabla hawajauliza. Hayo mawili nakuahidi, Bibi, na si maneno ya daftari.

Jana tulipika tena. Korona ilianza kunguruma, upepo ukageuka, Mama akaketi kwenye kigoda chako. Hakuuliza mtu, aliketi tu, kwa kuwa miguu ilikuwa inamuuma. Kifuu kilipojaa akanipa. Nikapita nyuma ya jiko kwa njia fupi.

Mchungaji sijamwambia. Nitamwambia kwamba cha kwanza kina sumu na ni lazima kimwagwe, na hilo hawezi kulikataa. Lile neno lako sitamwambia, maana nimeshindwa kuliacha. Nilijaribu kumwaga kimya, mkono haukuinama.

Nikasema, hiki cha wenyewe. Wenyewe hawana macho. Nikakumbuka kwamba sasa na wewe umo katika wenyewe, Bibi. Nikamwaga polepole, nikakungoja unywe.

Lala. Maji ya hori nitayatazama mimi.

Mjukuu wako,
Damari, uliyemwita Mwalimu